Sweta ya Shilingi 80

Mwezi wa tatu mwaka huu, Jumatano moja, nilitoka kazini nikapitia sokoni, pale ubavuni mwa Ngome, kutafuta ndimu na pilipili. Nikarudi nyumbani na sweta ya mwanamume mnene. Ndimu nilizisahau. Mama aliitazama ile sweta, akanitazama mimi, akauliza, "Kuna baridi inakuja ambayo sisi hatukuambiwa?"

Kaskazi ilikuwa imelegea siku hizo, upepo umekufa, hata paka wamejilaza ubavu kivulini kama nguo zilizoanguka kambani. Anayejua Lamu anajua mwezi wa tatu ulivyo. Unaoga, unajifuta, na kabla hujaining'iniza taulo umeshalowa tena. Sikuwa na jibu la kumpa Mama. Nilikwenda chumbani, nikafunga mlango, nikaisoma lebo mara ya pili ili nihakikishe macho yangu hayakunidanganya kule sokoni. Hayakunidanganya. Kashmiri, asilimia 100. Shilingi 80.

Siri ya bei hiyo ni rahisi. Marobota ya mitumba hushuka Mombasa, hufunguliwa Kongowea, na kufikia huku kwetu yamekwisha chambuliwa. Zile nguo za kamera, za kuchaguliwa kwanza, zimeshapata wenyewe. Kinachovuka maji kutoka Mokowe ni kilichobaki, na ndani ya kilichobaki daima mna sweta mbili tatu nzito ambazo hakuna mtu wa kisiwani atakayezivaa. Mwenye mitumba huzitupa kwenye fagia, chini kabisa ya meza, pamoja na glovu za mkono mmoja na suruali za kuchezea theluji. Nairobi wangezigombania. Hapa zinanisubiri mimi. Mfumaji anayetafuta sufu nzuri kwa bei ya maandazi na aje aishi mahali ambapo hakuna anayehitaji sufu.

Ile ya kashmiri ilikuwa na tundu mbili za nondo kwenye kiwiko, ndiyo sababu mwenyewe, popote alipo, aliitoa. Mwenye mitumba alinionyesha tundu zile kwa uaminifu kabisa. Nikakunja uso, nikasema ngoja nitaichukua hivyo hivyo, nitapata tambara la kufutia. Mungu anisamehe.

Kwa wasiojua: kashmiri hutoka kwa mbuzi, wengi wao wa Uchina na Mongolia, nayo si manyoya ya nje bali ule ulaika wa ndani unaowakinga na baridi. Majira ya kuchipua yakifika ulaika huo hulegea, wenyewe huuchana kwa vitana. Mbuzi mmoja hutoa kama gramu 150 au 200 hivi kwa mwaka, na ukishaondoa manyoya magumu na uchafu kinachobaki ni kidogo zaidi. Kwa hiyo mbuzi wanne hivi walipita majira ya baridi ili bwana fulani avae sweta, na nondo mmoja akaileta Lamu.

Sweta nyingi hazina lebo, au lebo imefutika. Nina njia zangu. Kwanza nageuza ndani nje, naangalia mshono wa ubavuni. Nguo nyingi za kiwandani hukatwa kwa mkasi kutoka kitambaa kilichofumwa kirefu kama jora, kisha huunganishwa kwa ovaloki. Hizo usinunue hata ukipewa bure, maana kila mstari umeshakatwa pembeni. Ukivuta uzi unapata kipande cha urefu wa kifua, halafu kingine, halafu kingine, mamia ya vipande vya kujazia mto. Ninayoitaka ni ile ambayo mgongo umefumwa kwa umbo la mgongo na mkono kwa umbo la mkono, mishono imepunguzwa mmoja mmoja penye kwapa, na vipande vimeunganishwa kwa mshono wa mnyororo. Ukiupata mwisho wa ule mnyororo na kuuvuta upande wake sahihi, sweta nzima inafunguka ubavuni kwa sauti ya mtu anayepasua karatasi polepole. Sijui sauti tamu kuliko hiyo, na nimesikia azana ya Alfajiri nikiwa Shela.

Pili, moto. Nachomoa kauzi kadogo ndani ya mshono, naomba kiberiti kwa muuza kahawa. Sufu ya kweli hunuka nywele zinazoungua, na ukiondoa moto huzimika yenyewe, jivu lake likasagika vidoleni. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu jepesi. Akriliki huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na mwishowe huacha kitone kigumu cheusi kama mbegu. Usikiguse kabla hakijapoa. Nina alama kwenye kidole cha shahada. Muuza kahawa ameshanizoea. Siku hizi akiniona na sweta ananiletea kiberiti kabla ya kikombe.

*

Kabla sweta haijaingia kwenye kabati langu lazima ipite kwenye friza ya shangazi yangu. Nondo mwenyewe huwa ameshakwenda zake, mayai ndiyo ya kuogopa, na baridi ya friza kwa siku kadhaa huyamaliza. Shangazi anauza barafu za ukwaju na za ubuyu kwa watoto wa madrasa. Mara moja mtoto alitumbukiza mkono akatoka na kashmiri iliyoganda. Tangu siku hiyo natakiwa kufunga kila kitu kwenye mifuko miwili na kuandika juu yake "SI CHAKULA".

Kisha ndipo kazi yenyewe, na kazi yenyewe ni kufumua. Watu huniuliza ninafuma nini siku hizi, nami huona haya kusema ukweli kwamba nusu ya muda wangu sifumi, nafumua. Neno hilo hapa ni la nywele kwanza. Msichana anafumuliwa msuko Alhamisi jioni, nywele zimesimama kila upande, zimejikunjakunja zikikumbuka msuko uliokuwapo. Uzi wa sweta nao uko vivyo hivyo. Unapotoka umejiviringa kama tambi, na ukiufuma hivyo hivyo nguo itatoka na manundu. Lazima uulaze kwanza.

Tunafanya hivi: mimi nakaa kwenye daka, baraza la mlangoni, na ile sweta mapajani, mpwa wangu wa miaka tisa anazungusha uzi kwenye miguu ya kiti kilichopinduliwa. Ananitoza shilingi 10 kwa kila mkono wa sweta na 20 kwa mgongo, na hesabu zake ni kali kuliko za kazini kwangu, ambako nahesabu mifuko ya saruji mchana kutwa. Uzi ukikatika, kama ulivyokuwa ukikatika kila ulipofika kwenye tundu la nondo, tunafunga fundo dogo tunaendelea. Ukimalizika tunaufunga kwa vijikamba mahali pane usitatizane, tunautoa kwenye kiti, tunaulaza majini.

Hapo ndipo inapoanza vita na Mama. Maji yetu ya bomba asili yake ni visima vya kwenye vilima vya mchanga vya Shela, na kwa miaka hii yana chumvichumvi; sabuni haitoi povu, na sufu iliyosuuzwa kwayo hutoka kavu kama mkia wa punda. Maji matamu ni ya mvua. Maji ya mvua yako kwenye birika la bafuni, lile la kale la chokaa, na ndani ya birika wanaishi visamaki watatu ambao kazi yao ni kula viluwiluwi wa mbu. Mama anawahesabu wale visamaki kila asubuhi. Mimi nachota maji kwa kata, sitii uzi ndani ya birika, naapa, lakini kila nikionekana bafuni na sufu mkononi nasikia, "Samaki wangu!" kutoka chumba cha tatu.

Maji yawe vuguvugu tu, na usifikiche. Sufu ikikutana na maji ya moto na kusuguliwa hushikana, huwa nene na ndogo, wala hakuna dua ya kuirudisha. Unaikamua kwa kuiviringisha ndani ya taulo, unaitundika juu ya paa kivulini, unaning'iniza chupa ya maji chini yake iivute. Kesho yake uzi umenyooka. Au umeibwa. Kunguru wa hapa wamegundua paa letu. Mwaka jana walinichukulia uzi wa pamba wa manjano, nami nikauona wiki mbili baadaye kwenye kiota juu ya mwembe wa jirani, umesukwa vizuri kuliko vile ambavyo ningeusuka.

*

Mama haipendi kazi hii, na si kwa sababu ya samaki tu. Kwake kufuma sweta ni mambo ya bara. Nilijifunza darasa la sita, katika somo la Sayansi Kimu, kwa mwalimu aliyetoka bara, tena kwa spoku za baiskeli zilizokatwa na kusuguliwa ncha kwenye sakafu ya saruji. Hata spoku zenyewe zililetwa kutoka Mpeketoni, maana mji huu wa vichochoro haukuwa na baiskeli za kutosha darasa zima. Baadaye nilinunua sindano za chuma, zikapata kutu kwa hewa ya bahari, zikaacha michirizi ya rangi ya chai kwenye soksi nyeupe. Siku hizi natumia za mianzi. Sisemi kwamba ni bora kwa kila mtu. Nasema kwamba ukiishi hatua 50 kutoka majini, chuma ni mgeni wa muda.

Lakini siku moja nilipata la kumjibu Mama. Nilisoma kwamba padri mmoja Mreno, Monclaro, aliyekuwa katika msafara wa Francisco Barreto uliotoka Lisbon mwaka 1569, aliisifia Pate kwa vitambaa vya hariri vilivyofumwa pale, vilivyotafutwa na miji mingine ya pwani kwa sababu havikupatikana kwingine. Pate hii hii ya hapa ng'ambo, ambako mjomba huenda kununua tumbaku. Na Mreno mwingine, Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne hiyo hiyo ya 16, anasimulia kwamba watu wa Sofala, huko Msumbiji, walikuwa na uzi wao mweupe wa pamba lakini rangi ya buluu hawakuwa nayo. Basi walinunua nguo za buluu zilizotoka Kambaya, kule India, wakazifumua uzi kwa uzi, wakazifuma upya pamoja na ule wao mweupe.

Niliposoma hapo nilisimama. Nguo imevuka bahari nzima, imefika pwani yetu, na mtu amekaa kwenye daka lake anaivuta uzi mmoja mmoja kwa sababu anataka ile buluu tu. Barbosa hakusema nani alimshikia kiti.

Nikamsomea Mama kwa sauti. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hao walikuwa na shida ya rangi. Wewe shida yako ni nini?"

*

Shida yangu mwaka huu ilikuwa na kilo 1.8. Wifi yangu alijifungua mwezi wa sita, kusi imekolea, wiki saba kabla ya siku zake. Simu ilikuja saa kumi za usiku, na asubuhi nilikuwa nje ya wodi na mfuko wa uzi, kwa kuwa sikujua kitu kingine cha kubeba.

Mtoto njiti akiwa imara hawekwi kwenye kitambaa mbali na mama yake. Anawekwa kifuani, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa leso, na nguo zake ni nepi, soksi na kofia, basi. Joto anachukua la mama. Kofia ndiyo kazi yangu, kwa sababu kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa ukikilinganisha na mwili wake na joto jingi hupotelea hapo. Nilimwuliza muuguzi anataka nini hasa. Akasema: isiyobana, isiyo na utepe, isiyo na kishada, inayofuliwa kila siku bila kuonewa huruma.

Hilo la kufuliwa ndilo lililonipa kazi ya kufikiri. Akriliki ya watoto ipo madukani, laini, rangi zote, inafulika, lakini haipitishi jasho, na hata wakati wa kusi mtoto aliyefungwa kifuani kwa mama ana joto la kutosha. Sufu ina uwezo wa ajabu. Inanyonya unyevu kiasi cha theluthi ya uzito wake kabla hujahisi kwamba imelowa. Lakini nenda kaieleze wodi isifue sufu kwa maji ya moto. Ikabaki pamba. Pamba haina mvuto, ukiinyoosha haijirudi yenyewe, kwa hiyo kofia ya pamba hulegea na kuteremka machoni. Dawa yake ni kufuma ukingo kwa mshono mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, mpaka uwe na matuta yanayojibana, na kutumia sindano nyembamba kuliko anavyotaka mwenye uzi.

Kipimo nilichopewa kilikuwa sentimita 30 kuzunguka kichwa. Nikaenda sokoni nikapima mabalungi kwa futi ya cherehani mpaka nikapata la 30. Muuzaji aliniuliza nataka la kula au la nini. Balungi lile lilikaa mezani wiki mbili limevaa kofia, na hakuna aliyethubutu kulila.

Nilifuma mbili za pamba, moja nyeupe na moja ya rangi ya ndimu, za kubadilisha. Nikafuma na moja ya kashmiri, ya kijivu cha njiwa, gramu 20 kwa mizani ya jikoni, ya kuvaa siku ya kurudi nyumbani. Hii ya tatu haikuwa na sababu yoyote ya kitabibu. Alirudi nyumbani ana kilo mbili na robo, kwa mashua, upepo wa kusi unapiga, na nilikiona kichwa kile cha kijivu kikitokeza kwenye buibui la mama yake kama njiwa kwenye tundu la ukuta.

*

Huku nyuma kulikuwa na kazi nyingine inaniharibikia. Mwanangu wa kwanza yuko kidato cha tatu, shule ya bweni huko Nyandarua, ambako asubuhi wanatoa moshi mdomoni bila kuvuta kitu. Sweta ya shule iliibwa kwenye kamba. Sweta mpya ya dukani ni bei, nikasema nitamfumia. Kwa mtoto wa bweni sifikirii sufu hata kidogo: ni akriliki, kwa sababu ataifua kwa sabuni ya kipande na kuipiga kwenye jiwe. Rangi ya shule ni damu ya mzee. Nikanunua mabonge manne kwenye duka moja la Mombasa, kwa mkono wa dereva wa basi, nikafuma mgongo, kifua na mkono wa kulia. Uzi ukaisha. Nikaagiza mabonge mawili zaidi, duka lile lile, jina lile lile, namba ya rangi ile ile.

Ilikuja damu ya mzee mwingine.

Kila mfumaji anajua kosa hili na kila mfumaji hulirudia. Uzi hupikwa rangi kwa awamu, na awamu mbili hazifanani kamwe, hata namba ikiwa moja. Pembeni ya karatasi ya bonge kuna namba nyingine, ndogo, ya awamu, ambayo mtu mwenye akili huisoma. Tena kuna ujanja wa kuficha: unafuma mistari miwili ya uzi wa zamani, miwili ya mpya, macho hayaoni mpaka. Lakini ujanja huo unahitaji uzi wa zamani uwe umebaki, nami sikuwa na hata wa kushonea kifungo. Ningeweza kufumua mkono wa kulia nikachanganya. Ilikuwa wiki ile ya wodini. Nikafuma mkono wa kushoto na damu ya mzee wa pili, nikamkabidhi kondakta kule Mokowe.

Kijana alipiga simu Jumapili, kwa simu ya mwalimu wa zamu. Salamu, chakula, mtihani wa fizikia, kisha kimya kidogo. "Mama, hii sweta mkono mmoja ulianikwa juani?"

Nikamwambia ndiyo.

*

Kitambaa cha makochi cha shangazi sina la kusema juu yake. Ni krosheti, uzi mweupe wa pamba, mananasi 24, nimefika la 11, ni mwaka wa tatu. Kimekunjwa ndani ya mfuko wa unga. Shangazi ameshabadilisha makochi.

Kuna kazi moja ambayo si yangu na siwezi kuiacha nje. Katika kasha la Mama, chini ya nguo za Idi, mna kofia ya vito ambayo alikuwa akimshonea Baba, ya kuvaa Maulidi ya Mfungo Sita. Baba alifariki imebaki kama robo. Sindano bado imo, imechomekwa pale pale ilipofikia, na imeshaanza kufanya kutu. Doa lake ni dogo kama punje ya ufuta. Mama alikuwa miongoni mwa washonaji kofia wazuri wa Langoni. Kila tundu analitoboa kwa mkono, kisha analizungushia uzi ukingo wote mpaka liwe jicho gumu, na kofia moja ina macho zaidi ya ninavyoweza kuhesabu bila kupotea. Ile ya mwisho aliyoikamilisha ilimchukua miezi mitatu.

Usiku mmoja wakati wa kusi umeme ulikatika, tukakaa na taa ya chemli, mimi nafuma mtandio, yeye ananitazama mikono. Niliona kosa mistari sita chini, nikachomoa sindano, nikavuta. Mistari sita ikaondoka kama haikuwapo. Mama akatoa sauti ya mtu aliyeona kikombe kikianguka.

"Hukuona uchungu?"

Nikamwambia ni mistari sita tu, nusu saa.

Alinyamaza, halafu akasema, "Kazi yako ina tauba. Hii yangu haina. Nikitoboa, nimetoboa."

Nikamwuliza, kwa mara ya pili katika miaka minne, kama anataka niimalizie ile kofia. Akasema mkono wa mtu haufanani na wa mwingine, na atakayeivaa ataonekana ana wazee wawili kichwani. Akacheka mwenyewe. Hadithi ya sweta ya shule alikuwa amekwisha kuipata, bila shaka kwa mpwa wangu, ambaye kwa habari hatozi kitu.

*

Huo mtandio ni wake. Ndiyo kazi iliyo kwenye sindano sasa hivi, na ndiyo inayoninyima usingizi. Sweta ya shilingi 80 ilinipa gramu 260 za uzi mzima baada ya kuondoa vipande vya kiwikoni. Kofia ya mtoto ilikula 20. Nikapiga hesabu, nikachagua upana, nikaanza. Nimetumia mshono mwepesi wenye matundu, ili upepo upite, maana Mama huhisi baridi ya kusi mabegani na joto la Lamu kila mahali pengine. Nimebakiwa na bonge dogo kama ukwaju mmoja, na ukingo mzima wa mwisho haujafumwa. Nimepima mara tatu. Nahitaji gramu 18, labda 20.

Na najua zilipo gramu 20. Mtoto sasa ana miezi miwili na nusu, mashavu kama maandazi, kofia ile haimpiti hata utosini. Nikamwendea wifi yangu kwa adabu zote, na kashata za nazi kwenye sahani. Nikamweleza kwamba uzi haufi, kwamba utakuwa kwenye mtandio wa bibi yake mtoto, kwamba watu wa Sofala walifanya hivi hivi. Wifi yangu ni mtu mpole, sijawahi kusikia akipandisha sauti. Alimaliza kashata, akafuta vidole, akasema, "Ile kofia, wifi, utaifumua mimi nikiwa kaburini." Siku ya pili niliingia chumbani mwao kumbeba mtoto, nikatupa jicho kwenye kikapu cha nguo zake. Zile mbili za pamba zipo. Ya kijivu imefichwa.

Nimepita sokoni mara nne tangu hapo. Fagia yote ni akriliki. Muuza kahawa amemaliza kiberiti kizima kwa ajili yangu.

Jana Mama aliutwaa mtandio pamoja na sindano zake, akajitupia mabegani, akajitazama kwenye kioo cha kabati, upande huu na upande ule. Kisha akauliza kama ile damu ya mzee ilibaki.

Nikamwambia imebaki bonge zima na nusu, lakini ni akriliki. Akriliki haiwekwi pamoja na kashmiri, uzito si mmoja, kufuliwa si kumoja, mtu yeyote anayejua uzi ataona.

"Ataonaje?"

Kwa moto, nikasema. Ukichoma ncha yake—

"Basi," akasema Mama, akiuvuta mtandio vizuri begani, "akija mtu na kiberiti utaniita."